Binti wa Dirishani Alisema ni Wazee

Nianze na hili: wifi yangu, mke wa kaka yangu, si mwongo. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumsengenya. Mimi nikitaka kumsengenya mtu namsengenya akiwa mbele yangu, kichwa chake mikononi mwangu, na chanuo liko kwenye nywele. Ndiyo faida ya kazi ya ususi.

Tunamwita Mama Vumbi. Wala si uchafu. Nyumba yake inang'aa hadi unaona haya kuvua viatu. Jina alipewa na kaka yangu kwa sababu ya kazi, maana mwanamke huyu analipwa mshahara kwa kutazama vumbi la nyota. Tena si nyota hizi zetu za juu ya paa. Ni za galaksi ya jirani, ambayo wewe na mimi tukiangalia tunaona ukungu tu, kama mtu kapumulia kioo. Ofisini kwao wanao mwanga wake, ule mwanga wa joto usioonekana kwa jicho, umepasuliwa vipande vipande hadi umekuwa mstari mmoja unaopanda na kushuka kwenye kompyuta. Mstari huo wanauita spektra. Kazi yake ni kuusoma na kusema nyota hii ni ya aina gani.

Siku moja nilimwambia, "Wifi, nieleze, lakini unieleze kama mtu mwenye akili."

Akacheka, akachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Akasema kuna nyota wazee, wamekaribia kufa, wanatema vumbi lao wenyewe. Na kuna nyota watoto, ndiyo kwanza wanazaliwa, bado wamefunikwa gubigubi na vumbi walilozaliwa ndani yake. Ukiwaangalia juu juu wote ni vumbi, huwezi kuwatofautisha. Lakini vumbi hilo lina chembe za mchanga, na mchanga una mahali pake kwenye mstari. Mstari ukipanda kilima mahali pale, mara nyingi huyo ni mzee. Ukichimba bonde, mara nyingi huyo ni mtoto.

"Kwa hiyo wewe ni mkunga na mchimba kaburi kwa mpigo mmoja," nikamwambia. Alicheka hadi akapaliwa.

Ofisi yao niliwahi kuiona nilipompelekea funguo alizosahau. Chumba cha ghorofani, feni inayolalamika, kabati ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba, na meza mbili zinazotazamana. Moja yake. Nyingine, ya karibu na dirisha, ilikuwa ya binti wa mkataba, mwembamba, mcheshi, ana macho makubwa ya mtu anayeamini kila anachoambiwa. Mimi nilimpachika jina la Binti wa Dirishani.

Pale wana sheria moja wanayoiheshimu kuliko saa ya kutoka kazini. Kila nyota lazima isomwe na watu wawili, kila mtu kivyake, bila kuchungulia jibu la mwenzake. Wakimaliza ndipo wanakaa pamoja na kulinganisha. Sasa huyo binti alikuwa na usahaulifu wake: kioo cha kompyuta alikuwa anakiacha kimeelekea kwa Mama Vumbi, majibu yote nje nje. Kila asubuhi ikawa wimbo.

"Geuza kioo, mdogo wangu, usinifanye mwizi uzeeni."

"Aa, dada! Kwako wewe nifiche nini?"

Na anakigeuza huku anacheka, na kesho yake amesahau tena. Mama Vumbi alikuwa akinisimulia hayo kwa raha, unaona kabisa anampenda.

Basi wakafika kwenye pembe moja ya hiyo galaksi, na majibu yakagongana. Mama Vumbi anasema mtoto, binti anasema mzee. Nyota ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile, na zilizofuata. Wakakaa, wakabishana kwa adabu, kisha bila adabu sana, mwisho akaitwa mkuu wao wa ofisi. Huyo bwana ni mtu wa haraka. Hata ukimsalimia anakujibu akiwa ameshakupita. Akaiangalia mistari ya Mama Vumbi, mabonde yanaonekana waziwazi. Akafurahi kupita kiasi. Watoto wengi namna hiyo mahali pamoja ilikuwa habari kubwa, wodi ya wazazi ambayo hakuna aliyejua kama ipo. Alianza kuwasimulia wageni siku hiyohiyo.

Kwa binti alisema maneno mafupi: "Wewe huna jicho la kazi hii." Akamwondoa kwenye meza, akampeleka chumba cha chini kupanga picha za zamani hadi mkataba wake uishe mwisho wa mwezi. Kuongezewa hakuna.

Mama Vumbi aliporudi nyumbani alisema, "Nimemwonea huruma, lakini kazi ni kazi." Na mimi nikasema, ndiyo, kazi ni kazi. Tukanywa chai.

Haikupita muda, jioni moja nikamkuta jikoni kwake anasugua sufuria. Nikaongea, nikaongea, nikamaliza umbea wangu wote wa saluni, bado sufuria ni ileile.

"Wifi, hiyo itatoboka sasa."

Akaiweka chini, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono inachuruzika maji.

"Wote ni wazee," akasema.

"Akina nani?"

"Wale watoto. Wote ni wazee. Binti alikuwa sahihi."

Akanieleza. Unapopokea mwanga wa nyota, unapokea pia mwanga wa wingu lililo nyuma yake. Kwa hiyo unachagua kipande cha anga pembeni ya nyota, unapima mwanga wake, unautoa. Ni kama kupima unga kisha unatoa uzito wa gunia. Kila mmoja wao alichagua kipande chake. Binti alichagua vizuri. Mama Vumbi, kwa haraka na kwa kujiamini, alichagua mahali ambapo wingu lenyewe linawaka kuliko nyuma ya zile nyota. Akatoa uzito wa gunia lililolowa maji. Alitoa mwanga mwingi mno, na pale palipokuwa na kilima akachimba bonde kwa mikono yake.

"Basi si unarekebisha?" nikamwuliza.

"Nimesharekebisha. Nimezisoma upya zote, nimezirudisha kuwa wazee. Nikamwambia mkuu nimepitia upya, ile wodi haipo."

"Amekasirika?"

Akaangalia mikono yake. "Amenisifu. Amesema ndiyo maana anapenda kufanya kazi na mtu mwangalifu. Nikasema asante, wifi. Mdomo ulifunguka wenyewe, nikasema asante."

"Na binti?"

"Nilipotoka kwa mkuu nimekutana naye kwenye ngazi, amebeba maboksi. Akayaweka chini ili anisalimie vizuri. Akaniomba msamaha kwa kubishana na mimi. Akasema, 'Dada, nilikukosea heshima, na wewe ndiye uliyenifundisha.' Nikamwambia usijali." Akaanza kulia. "Nikamwambia usijali, nimekusamehe! Mimi! Nimemsamehe!"

Sasa hapa ndipo na mimi ninapoingia, na sipapendi. Mtu mwenye busara angemwambia simama, rudi, kaseme. Mimi nilimwuliza, "Nani mwingine anajua?" Akasema hakuna. Nikamwambia, "Basi funika kombe mwanaharamu apite. Yule ni kijana, atapata pengine. Wewe una miaka pale, una watoto wanakutegemea. Ukisema leo, kesho watauliza nyota zako zote ulizisomaje." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huuhuu, na nikajiona nimemsaidia.

Alinisikiliza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chumvi ikazidi kwenye mboga, kesho yake ikakosekana kabisa. Akawa anaitwa mara mbili ndipo aitike. Kaka yangu, wanaume bwana, akadhani mkewe ana mimba, akawa anatabasamu ovyo na kumletea matunda. Mama Vumbi anayapokea, anayaosha, anayapanga kwenye sahani, hali hata moja. Nilipojaribu kumtania alisema, "Nyota nimezitendea haki, wifi. Nyota ambazo wala hazijui kama nipo." Nikachukua ufagio, nikafagia jiko lililokuwa limeshafagiliwa.

Siku chache kabla ya mwezi kwisha, nani anaingia saluni? Binti wa Dirishani. Mama Vumbi mwenyewe ndiye aliyemwelekeza kwangu zamani.

"Dada, nisuke za heshima. Kesho nina usaili."

"Wa wapi?"

"Duka la simu. Kuuza makava na chaja."

Nikaanza kumgawa nywele. Nikauliza, kama mtu asiyejua kitu, Mungu anisamehe, "Na nyota zako?"

"Nyota si zangu, dada. Mimi sina jicho." Alisema bila uchungu, ndicho kilichoniuma. "Naapa mimi niliona vilima. Niliviona kabisa, kama ninavyokuona wewe kwenye kioo hiki. Lakini dada aliona mabonde, na dada hakosei. Sasa hata nikitazama kitu cha kawaida, kibao cha barabarani, najiuliza, hivi kweli kimeandikwa hivyo au ni mimi?" Akacheka kidogo. "Nimekwenda hadi hospitali kupima macho."

"Wamekuambia nini?"

"Macho ni mazima. Sikujua nifurahi au nilie."

Nikaliweka chanuo chini. Nikatoka nje, nikampigia wifi yangu simu. "Njoo saluni. Sasa hivi. Usiniulize."

Alikuja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa, akidhani mtoto ameumia. Akasimama mlangoni, akamwona binti kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama jogoo. Akanitazama. Nikamwambia, "Ushauri wangu ulikuwa wa kijinga. Nimeufuta. Haya, sema."

Nilidhani atazunguka mbuyu. Hakuzunguka. "Ulikuwa sahihi," akamwambia binti. "Ni wazee, wote. Nilichukua anga mbaya, nikatoa mwanga mwingi mno. Vilima ulivyoviona vilikuwepo."

Yule mtoto wa watu aliruka kutoka kwenye kiti, taulo likaanguka. "Nilisema! Nilisema niliviona!" Analia, anacheka, ananishika mimi, anamshika mteja aliyekuwa anasubiri zamu yake, anamkumbatia Mama Vumbi hadi miguu yake inaacha sakafu. Hata mimi nikaanza kulia. Nikajiambia, ala, kumbe ilikuwa rahisi hivi!

Kisha akamwachia kidogo, bado kamshika mabega, anatabasamu. "Umegundua lini, dada?"

Swali la kawaida kabisa. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kusikia habari yote. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikamkonyeza wifi yangu: sema leo! Nikamtamkia na kwa midomo, bila sauti: leo, leo! Neno moja tu na kila mtu angelala vizuri.

Mama Vumbi aliniona. Akamwangalia binti.

"Siku ile ya ngazini," akasema. "Uliponiomba msamaha. Nilikuwa nimeshajua."

Mikono ya binti ilibaki mabegani mwake kwa muda, kama mtu aliyesahau alipoweka mikono. Halafu akaishusha. Akaokota taulo, akarudi kwenye kiti, akajitazama kwenye kioo.

"Nimalizie, dada," akaniambia mimi.

Nikamsuka hadi mwisho. Mama Vumbi alisimama pale mlangoni muda wote, na hakuna aliyemwambia akae. Binti aliposimama aliaga vizuri, akasema asanteni, akatoka.

Asubuhi yake Mama Vumbi aliingia kwa mkuu kabla hata hajaweka mkoba, akasema lote, pamoja na zile sifa alizopokea. Mkuu kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. Alimgombeza, kisha akaamuru nyota zake zote za mwaka huo zisomwe upya na watu wengine. Binti akaitwa, akapewa mkataba mpya, akarudishwa kwenye meza yake ya dirishani. Kaka yangu, tulipomweleza hatimaye, alisema basi, mambo yamekwisha, haki imepatikana. Akala yale matunda mwenyewe.

Siku ile binti aliporudi kazini, jioni Mama Vumbi alikuja kwangu kusuka. Akakaa chini, mgongo kwangu, na mimi nikaanza kufumua.

"Haya, amerudi?" nikauliza.

"Amerudi."

"Amekununia?"

"Hapana. Amenisalimia vizuri. Ameuliza hali ya watoto, amefuta meza yake, amefungua dirisha."

"Sasa unalia nini?"

"Nilikaa nikamsubiri awashe kompyuta," akasema. "Nilitaka nimwambie yale maneno yetu. Geuza kioo, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, wifi." Akajifuta kwa kiganja. "Alikuwa ameshakigeuza."