Maparachichi Kabla ya Parapanda

Hermelinda Sacalxot alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na katika ukulima wake wote hakuwahi kupanda kitu kinachokaa ardhini zaidi ya siku mia moja. Hakuwa peke yake. Katika bonde lile la chini ya volkano, ambako makanisa ni mengi kuliko maduka, watu hupanda figili, giligilani na karoti, wakang'oa, wakapanda tena. Wengi husema ni kwa sababu soko la mji wa Xela halina subira. Marehemu baba yake, aliyeokoka mwaka wa lile tetemeko kubwa la ardhi, alikuwa na sababu nyingine: Bwana yu mlangoni, na anayepanda mti ni mtu asiyesikia hodi.

Sasa nyuma ya jiko lake ilisimama miche arobaini ya parachichi. Aliibebesha mwenyewe, akiunga kijiti cha mti mzazi juu ya kila shina changa, akaifunga kila kidonda kwa utepe, akaitunza mwaka mzima chini ya matawi ya msonobari. Mizizi ilikwisha kutokeza chini ya mifuko. Mvua za Mei zilikuwa zimeanza. Miche isipoingia ardhini katika wiki mbili, mizizi ingejiviringa na kazi yote ingekufa polepole. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kuipanda, kishamba alichowaachia mama yao, na hati yake ilikuwa na majina mawili: lake na la kaka yake Macario. Bila ridhaa ya Macario hapakuwa na shimo la kuchimba.

Macario alikuwa shemasi, na alishika imani ya baba yao kama mtu ashikavyo mpini. Hermelinda naye aliishika hivyo hivyo mpaka miaka ya mwisho ya mama yao. Mama hakujua kusoma, basi kila alasiri binti alimsomea. Siku moja walifika pale Bwana alipowaambia wanafunzi kwamba hekalu halitabaki jiwe juu ya jiwe, na kwamba kizazi kile hakitapita kabla ya kuyaona hayo.

"Hapo alikuwa anaongea na nani?" mama aliuliza.

"Na wanafunzi wake, mama."

"Basi na wao waliyaona?"

Hermelinda alilipeleka swali kwa Mwalimu Anacleto, mstaafu wa kanisa la Presbiteri, aliyemweleza kwa utaratibu kwamba Wakristo hawakubaliani. Wapo wanaosema ishara zile zilitimia Warumi walipouteketeza mji wa Yerusalemu, miaka kama arobaini baadaye. Wapo wanaosema bado ziko mbele. "Mdogo wangu ni wa hao wa pili," alisema, "na kila Krismasi tunakula tamali za mahindi kwenye sufuria moja." Hakumwambia achague. Alichagua mwenyewe upande wa kwanza, ikamchukua miezi saba.

Jumamosi moja ya Mei hiyo Hermelinda alimkuta Macario kwenye birika kubwa la pamoja la kuoshea mboga, mikono imezama hadi viwikoni, mkewe Toribia akifunga figili mafungu mafungu.

"Kaka, mvua ndiyo hiyo. Nataka kuanza mashimo Jumatatu."

"Mashimo ya nini?"

"Unajua ya nini."

"Mti wako utazaa lini?"

"Mwaka wa nne."

Macario alimgeukia mkewe. "Mama Noé, umesikia? Wifi yako ana miadi na mwaka wa nne."

"Afadhali yeye," alisema Toribia bila kuinua macho. "Mimi nimekuomba paa la jiko tangu Noé ananyonya, wewe kila siku unaniambia sisi wapitaji tu. Tunapita huku tunanyeshewa."

Wanawake wa ng'ambo ya birika walicheka ndani ya shali zao. Macario hakucheka.

"Yule mwalimu amekuvuruga, dada. Warumi walichoma mji, basi, mambo kwisha. Sasa Bwana amebakiwa na nini cha kuja kufanya?"

"Sijasema yamekwisha yote. Nasema zile ishara ziliwapata wao, kama alivyowaambia. Kuja kwake bado nakungoja, kama wewe."

"Kama mimi, hapana. Mimi nangoja leo. Na tetemeko je? Si ulikuwepo, ukuta ukapasuka nyuma yetu baba anatukimbiza nje? Hiyo nayo ya Warumi?"

"Na zile karoti je? Nazo zilikuwa ishara?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Miaka kumi na tisa iliyopita mhubiri mgeni alitaja juma la Pasaka kuwa ndilo juma lenyewe la kuja kwa Bwana. Macario, shemasi wa juzijuzi, alizishawishi familia kumi na moja zing'oe karoti zikiwa nyembamba kama kidole na kuzigawa bure, ziwe ushuhuda. Pasaka ikapita. Alisimama mbele ya kanisa akaomba radhi, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumtajia jambo hilo. Sasa alijifuta mikono kwenye suruali, akaondoka, figili akaziacha zinaelea.

"Hapo umechoma, wifi," alisema Toribia kwa sauti ya chini.

"Najua."

Jumapili baada ya ibada Hermelinda alimfuata kwenye kishamba cha mama yao. Macario alisimama mferejini na koleo lake pana la mbao, akichota maji na kuyarusha juu ya matuta ya giligilani ambayo mvua ya jana iliyaruka.

"Kaka, nimekukosea. Jambo ulilitubu mbele za watu, mimi nikalifukua. Nisamehe."

Alirusha maji mara tatu zaidi.

"Unajua kilichoniuma? Si vile vicheko vya birikani. Lile juma, dada, ndilo nililofurahi kuliko yote maishani. Kila asubuhi niliamka kama mtoto anayengoja mama arudi kutoka sokoni. Bado naamka hivyo, siku nyingine. Wewe ukishapanda miti yako, utaacha kungoja."

Hermelinda aliketi kwenye ukingo wa mfereji. Hakuwa mtu wa kusema mambo ya moyoni.

"Mimi sijawahi kuamka hivyo, hata siku moja," alisema. "Mimi niliamka naogopa. Wingu likikaa vibaya, nahesabu watoto kama bado wapo. Mama akichelewa kurudi, nasema amenyakuliwa, nimeachwa. Miaka arobaini na zaidi, kaka. Tangu nielewe kwamba dhiki ile iliwakuta wao, ndiyo kwanza naweza kumwambia Bwana njoo, nisitetemeke."

Macario alisimika koleo matopeni.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa unafurahi."

Maji yalipita miguuni mwao. Kisha Macario akakohoa, akakitazama kishamba kutoka pembe hadi pembe kwa jicho la mkulima.

"Mti na mti, umbali gani?"

"Mita sita."

"Sita? Na hapo katikati unaotesha upepo?"

"Figili zako. Miaka mitatu ya kwanza, mpaka vivuli vikutane."

"Na Bwana akija mwaka wa pili?"

"Basi watakaoachwa watapata cha kula."

Macario alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Maparachichi kwa makafiri," alisema huku mabega yakimtikisika. "Haya. Lakini Jumatatu sitaki, Jumatatu nina soko. Tuanze Jumanne."

Jumanne walichimba wote watatu, Toribia akileta uji wa mahindi na maneno. Macario aliuzika mche wa kwanza kupita kidonda cha kubebeshea. Dada yake akamfanya autoe, akamwonyesha kwa kidole mahali udongo unapopaswa kukoma, naye akaufuata mpaka huo kwa uangalifu wa shemasi. Mchana kutwa alieleza kwa nini mtini wa ule mfano wa Bwana, uchipukao majira yakikaribia, hauwezi kuwa habari ya Warumi. Hermelinda alimsikiliza, akamkatalia hoja mbili, akamwachia ya tatu aende kuifikiri, na kumpa mche mwingine.