Mtungi wa Mama Mkwe

Walisema sitafika. Nilipokuwa nikibeba magunia ya mahindi mpakani Busia ili nipate karo ya kusomea Ulaya, wapagazi wenzangu walinicheka: "Wewe wa mlimani Masaba, Ulaya utaiona kwenye kalenda!" Nilikwenda, nikarudi na diploma ya kusafisha majitaka, wa kwanza kwetu kuipata, na halmashauri ya mji wa Tororo ikanikabidhi mabwawa yake. Maji ya vyoo vya mji yaliingia bwawa la juu yakinuka, yakakaa juani siku nyingi, yakashuka la pili, kisha la tatu. Yalipotoka kwenda kijitoni, kuelekea mto Malaba, samaki waliweza kuishi ndani yake. Kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko mtu yeyote, na nasema hivyo hadi leo.

Aibu yangu ilikuwa kwingine. Wakwe zangu waliishi kando ya kijito hicho, chini ya mabwawa, na siku ya posa niliwaambia nimesomea maji. Maji tu. Wakaelewa kwamba mimi ni mtu wa mabomba, mwenye ofisi na tai. Shemeji yangu mkubwa alitamba kilabuni: "Maji yote ya Tororo yako mkononi mwa mkwe wetu!" Nami nikanywa pombe aliyoninunulia.

Kisha masika moja mvua ikabomoa ukingo wa bwawa la juu, ukingo niliokuwa nimeapa kwamba utadumu kuliko mimi. Uchafu mbichi ukapita pembeni, moja kwa moja kijitoni. Vibarua walijaza magunia mchanga kule juu. Mimi nilivua suruali, nikabaki na kaptula, nikashuka mferejini, pale unapoingia kijitoni, kuuzuia mkondo kwa mbao. Nilikuwa nimezama hadi kiunoni nilipomwona mama mkwe akiteremka na mtungi kichwani.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kichakani. Basi nikajificha kwenye mafunjo, na kusema kweli heshima ilikuwa kisingizio. Sikutaka aone kilichonijaa mwilini. Mvua ilikuwa imekigeuza kijito chote tope, asingeweza kutambua. Alisukuma majani kando kwa kata, akachota. Akachota tena. Nilikuwa nimesomea magonjwa yaliyomo katika kata ile, nayajua kwa majina, na bado nikakaa kimya.

Alipoinua kata kunywa, ndipo sauti iliponitoka.

"Mama, usinywe! Ni maji ya vyoo!"

Aligeuka akaniona nimechomoza mafunjoni mzima mzima. Alijifunika uso kwa leso, mtungi ukaanguka ukavunjika, akapanda kilima akipiga kelele: "Mkwe wangu! Uchi! Ndani ya mavi!" Bonde lote lilisikia.

Jioni shemeji alikuja kwangu, hakuketi.

"Kumbe ofisi yako ni choo, mkwe?"

"Ni mabwawa ya kusafisha."

"Na sisi huko chini tumekuwa tukinywa nini?"

"Maji yaliyosafishwa, shemeji."

"Ungetuambia. Tungechagua wenyewe."

Mimi, niliyewajibu wazungu darasani, nilimsogezea kiti.

Mbuzi wa kuondoa aibu ya kuonana nilimtoa. Lakini kijito kilibaki kichafu, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi, akawa anakopa maji kwa wanawake wa ng'ambo ya kilima wenye chemchemi, mtungi kwa mtungi. Kila aliyemkopesha alimuuliza habari za mkwe wake.

Tulijenga ukingo upya kwa mawe. Samaki waliporudi kijitoni, niliazima trekta ya halmashauri, nikapakia mapipa ya maji ya bomba, nikapita kila nyumba iliyokopesha.

"Jaza mpaka mdomoni, mkwe wa mavi," mama mmoja aliniambia akicheka. "Mimi nilimpa mpaka mdomoni."

Nikajaza. Nyumba ya mwisho ilipokwisha lipwa, nilipeleka mtungi mpya kwa mama mkwe, nikaujaza uani, nikaenda kusimama nyuma ya ghala la mtama kama desturi inavyotaka. Nilisikia mlango ukifunguliwa, na chini ya ghala nikaona miguu yake. Alichota kata moja, asiinywe, akawamwagia kuku kwenye kigae cha ule mtungi wa zamani, akasimama kuwatazama. Nami nyuma ya ghala, na diploma yangu, nikangoja kuku wanywe.