Firigisi ya Bwana Shamba

Gharibu wa Mtunda aliacha kula nyama akiwa na nyama mdomoni, na mimi jirani yake sijapata kumsamehe.

Alikuwa juu ya dungu, kile kijumba cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga, anatafuna ubavu wa mbuzi uliobaki kwenye harusi ya binamu yake. Kulipopambazuka akatoka kiboko mtoni. Kiboko yule hakuwa na haja na mpunga wala na Gharibu. Alikuwa anawashwa. Akaiegemea nguzo ya dungu akaanza kujikuna, taratibu, upande huu, kisha upande wa pili, na dungu zima likawa linacheza ngoma. Gharibu akautema ubavu, akaweka nadhiri kwa sauti iliyofika mpaka shambani kwangu.

"Ya Rabi, huyu akiondoka, sili tena kitu chenye miguu mpaka nakufa!"

Kiboko akaondoka. Nilimwona mwenyewe, ameshajikuna akaridhika, anarudi zake mtoni hana habari na mtu.

Sasa mtu mwenye akili zake, hata akiwa na hofu, angesema "sili ng'ombe". Gharibu akasema miguu. Kijiji kizima kikamsaidia kuhesabu. Mbuzi ana miguu, kuku ana miguu, haya, hayo aliyajua. Khamisi muuza samaki ndiye aliyemkumbusha kwamba kamba naye ana miguu, tena mingi kumshinda mbuzi, na kaa ndiyo usiseme. Gharibu nusura alie. Mtu wa Rufiji aishi bila kamba! Nikamwambia nadhiri ina kafara yake, lisha masikini kumi yaishe.

"Masikini nitawatoa wapi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao?" akanijibu. "Halafu kiboko yuko palepale, Muhidini. Nikila, atajua."

Akabaki na samaki, kisamvu na mlenda. Angeishia hapo, tungemwacha na mambo yake. Lakini mtu akiacha kitu hapati raha mpaka wenzake nao waache. Akaanza kutuhubiria kwamba kuku wana roho, wana huzuni, wanatuelewa tukizungumza. Jogoo wake akampa jina, Bwana Shamba, kwa kuwa kila asubuhi anapita kwenye mashamba ya watu, anatazama, halafu anaondoka bila kufanya kazi yoyote. Kisha akapiga marufuku kuku kuchinjwa kwenye ua wake. Kaka yake Hanifa, mke wa Gharibu, alipokuja kuwatembelea kutoka Ruaruke, aliandaliwa ugali na mlenda. Mgeni! Shemeji mtu! Akala kimya, akanawa, akaenda kusema kwao.

Hanifa alipata aibu isiyo na mfano. "Sikuolewa na mbuzi mimi," akasema, akafunga kanga zake, akapanda bodaboda kurudi kwao Ruaruke.

Gharibu akakonda. Alikuwa anapika mlenda mwenyewe, na mlenda wake mbwa aliunusa akasogea pembeni. Nikaona huyu atakufa, wala si kwa kiboko. Nikamwambia twende tukamtake radhi mama mkwe wako, na mtu haendi ukweni mikono mitupu, anachukua jogoo. Nakiri nilishaanza kufikiria chakula cha mchana, maana mimi sikuweka nadhiri na kiboko yeyote. Gharibu akamkamata Bwana Shamba. Njia nzima kwenye bodaboda alimkumbatia, akimwambia kwamba huko aendako kuna ua mpana na mitetea mizuri. Wallahi nilidhani anatania.

Bi Mwanamize, mama yake Hanifa, alitupokea vizuri. Tukampa shikamoo zetu, tukamkabidhi jogoo, akapelekwa uani. Niambieni, nani duniani anampelekea mkwe jogoo akitegemea atafugwa? Baada ya muda Gharibu akanisogelea pale mkekani.

"Mbona simsikii Bwana Shamba?" akaninong'oneza.

Mimi nilikuwa nasikia harufu ya mchuzi wa nazi.

Sinia likaja. Wali, mchuzi, na juu ya wali, upande wa Gharibu, firigisi. Kwetu firigisi haiendi ovyo. Ni ya mwenye nyumba au ya mkwe anayeheshimiwa, na mwanamke haionji hata kama ndiye aliyeipika. Mkwe akiila, wamepatana. Akiiacha, amemwacha na mke. Adabu inamtaka mama mkwe asimtazame mkwewe akila, lakini siku hiyo Bi Mwanamize aliketi kizingitini, macho kwenye mkono wa Gharibu. Nyuma yake niliona upindo wa kanga ya Hanifa.

Gharibu akaichukua firigisi. Akaitazama. Midomo ikaanza kumcheza, machozi yakamtoka, akalia kwa kwikwi, mwanamume mzima, mchuzi unamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Masikini mwanangu," Bi Mwanamize akasema, naye anajifuta kwa ncha ya kanga. "Kumbe mkeo unampenda hivi!"

Nikameza tonge bila kutafuna nisije nikacheka. Gharibu angenyamaza tu, mke angerudi. Lakini wapi.

"Nampenda, mama," akasema. "Ila huyu nimemlea tangu yai."

Bi Mwanamize akaacha kujifuta. "Basi kula," akasema, na sauti imekauka. "Au mwanangu mwache hapa hapa."

Hanifa akatoka mlangoni. Alikuwa amekonda kama mumewe, na nikamwonea huruma.

"Nadhiri ni ya mdomo wako au ya chungu changu?" akamuuliza.

"Ya mdomo wangu."

"Na wageni wangu watakula nini?"

Gharibu akavuta kamasi. "Kuku. Lakini wale wasio na majina."

Hanifa akamtazama. Kisha akaitoa firigisi mkononi mwa mumewe, akaitia kinywani, akaitafuna mbele yetu sote mpaka ikaisha.

Kiboko akijikuna nimeshamwona, lakini hilo sikuwahi kuliona.

"Imeliwa," Hanifa akasema. "Tumepatana. Nakuja, nachukua kanga zangu."

Gharibu akanawa uso kwa maji ya kunawia mikono, huku analia na kucheka. Mimi nikajisogezea paja, nikamwombea Bwana Shamba safari njema.

Tulipokuwa tunaaga, Bi Mwanamize, ambaye maisha yake yote amewapikia firigisi mume, wakwe na wageni, akamvuta binti yake nyuma ya mlango. Alidhani sisikii.

"Hebu niambie, mwanangu," akanong'ona. "Ikoje?"