Dawa ya Odeta Iliyogawanywa Katogota

Nimeishi Kalemie, Kigoma na Bujumbura, na kila ninaporudi nyumbani Kilibula, mtaa wa Uvira, moyo huanza kutafuta njia nyingine. Safari hii sikuitafuta. Nilipata habari kwamba mdogo wangu Odeta, aliyeolewa Katogota, anatokwa tena na damu nyingi ya mwezi. Nilishangaa. Daktari wa Uvira alikuwa amempa vidonge vya homoni vya kumeza kila siku, damu ikapungua, akarudi kulima.

Asubuhi nilipanda pikipiki kwenda kaskazini. Nyakabere tulisimama kupisha ng'ombe, pale pale ambapo marehemu mama alizoea kutununulia miwa. Sikushuka.

Katogota nilimkuta Odeta ameketi juu ya kitenge cheusi kilichokunjwa, midomo imepauka. Nikamwuliza dawa iko wapi.

"Nusu nilipatia Esperansi."

Esperansi ni wifi yake. Wanaishi ua mmoja.

"Kwa nini?"

"Naye damu inamusumbua. Hapa chumvi tunagawa, sabuni tunagawa. Nikikula kinini za daktari peke yangu wataniita mulozi."

"Kwa hiyo leo unameza, kesho unaacha."

"Weye unapita tu, Yaya. Minye naishi hapa." Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Esperansi akatoka jikoni akijifuta mikono. "Yaya mutembezi, umeniletea yangu?"

Nikamwambia twende wote Uvira, naye akapimwe.

"Bwana yangu atasema naenda kufunga uzazi. Weye huna bwana wa kukuuliza."

Mchana niliondoka na Odeta. Mumewe alitazama kile kitenge kilicholowa, akakubali. Esperansi alisimama kando ya barabara, naye kajifunga vitenge viwili katika jua lile, ili damu isionekane. Hakutuaga.

Uvira, daktari alimpima tena Odeta, kisha akamwekea kitanzi chenye homoni ndani ya mfuko wa uzazi. Alisema damu haitapungua siku hiyo hiyo. Itachukua miezi, lakini kitanzi kitafanya kazi miaka. Hapo mwanzo, daktari alipokitaja, Odeta alikiogopa, akachagua vidonge. Sasa alitaka kujua jambo moja tu, kama kinaonekana kwa nje.

Nilipomrudisha, tulipofika karibu na Katogota, aliniuliza akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki: "Esperansi nitamwambia nimemuletea nini?"

Nilichojifunza ni kwamba mdogo wangu atapona kwa sababu amepewa dawa asiyoweza kugawa, na kwamba mimi niliifurahia dawa hiyo kwa sababu hiyo hiyo.