Taa Iliyopepesa Upande wa Mto

Harufu ya lami inayoungua hunirudisha Garissa ya siku za vita vya shifta, wale waasi wa porini. Si lami ya barabara, maana barabara zetu zilikuwa mchanga mtupu. Ni ile iliyovuja kutoka kwenye choki, kichuma kizito kinachokaa ndani ya fremu ya taa ndefu na kuutuliza umeme. Abti, yaani mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa taa za ofisi za serikali. Nyumba yetu ilipakana na ua wa jenereta, kwa hiyo aliruhusiwa kuvuta waya hadi barazani kwetu ajaribie vifaa vyake. Jenereta ikianza kunguruma wakati wa magharibi, choki zilipata moto, lami ikatoka, na mama akakimbilia chetezo kufukiza ubani. Nyumba ikanukia msikiti na gereji kwa pamoja. Nilikuwa msichana mdogo, na niliipenda harufu ile kupita kiasi.

Siku hizo malori ya Nairobi yalikuja kwa kusindikizwa na askari, na yalileta unga na risasi, si taa. Abti alibaki na tyubu chache, zile taa ndefu za kioo, ambazo karibu zote hazikulingana na choki zake. Hakujali. Tyubu fupi aliifunga kwenye choki kubwa, ikawaka kwa hasira hadi ncha zikaanza kuwa nyeusi, akaizima haraka. Tyubu ndefu aliifunga kwenye choki ndogo, nayo ikawa inajaribu kuwaka na kushindwa, inapepesa tu bila kutulia. "Hii nzima," aliniambia. "Iliyokufa haipepesi." Kwake kupepesa kulikuwa habari njema. Majirani waliona vingine. Mji mzima ulikuwa gizani, amri ya kutotoka nje imewekwa, watu wanatazamana kwa jicho la pembeni, halafu nyumba moja ina taa, na taa yenyewe inakonyeza. Wanawake waliokuwa wakituletea maziwa wakaanza kupitia njia nyingine.

Mama naye akaingiwa na shaka. Abti alisimamisha fremu yake siku zote kwenye pembe ya baraza inayotazama mtoni, na kichaka cha mtoni ndicho kilichosemwa kuficha shifta. "Walaal, mbona lazima upande ule?" alimuuliza, kwa Kisomali, kama dada anavyomuuliza ndugu yake. Abti akacheka, akasema lami inahitaji upepo. Mama hakucheka. Baba alikuwa mbali na ngamia, upande wa Ijara, na hapakuwa na mtu wa kushauriana naye. Akawa anasimama nyuma ya pazia akimtazama Abti. Akaninusisha hata mashati yake, eti kama yana moshi wa kuni za porini. Akanituma nikaangalie Abti anaongea na nani pale barazani. Nilimwambia ukweli: anaongea na tyubu.

Asubuhi moja afisa mmoja wa serikali alikuja na askari wake. Hakuja kwa ubaya. Abti alikuwa amemtengenezea taa ya ofisini, na alionekana anatafuta njia ya kumwacha. Alikuwa amekaa na Wasomali vya kutosha kujua kwamba kwetu kiapo si maneno ya kupitisha wakati, na kwamba mtu aliyeapa uongo huogopwa yeye na watoto wake.

"Mama, wewe apa tu," alisema. "Apa kwa Mungu wako kwamba ndugu yako hawapi shifta ishara. Ukiapa, sisi twende zetu."

Abti alikuwa anatabasamu. Alishaanza kukunja waya wake, kama mtu ambaye jambo lake limekwisha. Mama akavuta shungi lake, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho "p" hugeuka "b":

"Wallahi, mimi naona taa nawaka, nazima. Hiyo naona na macho yangu. Lakini nafanyia nani, mimi hajui. Kitu hajui, siwezi kuaba."

Mimi nilijua kwa nini taa inapepesa. Sikuulizwa, na mtoto wa kike hakujitia katika maneno ya wakubwa. Walimpakia Abti kwenye Landrova.

Alirudi vita vilipokwisha, amekonda, jino la mbele halipo. Alipanga chumba karibu na soko la mifugo, na alipokutana na mama alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mwenye duka. Hakula tena chakula cha mama hadi mama alipofariki. Nimesimama pale pembeni mwa baraza mara nyingi tangu hapo, nikiutafuta ule upepo aliousema Abti. Kuna siku upepo wa mtoni unakuja, kuna siku hauji.

Leo taa za Garissa hazinuki wala hazipepesi, na choki hakuna anayeijua. Maswali ndiyo yale yale. Juzijuzi kijana wa polisi alinijia kuhusu mwanangu wa mwisho, aliyekwenda Diff, kwenye mpaka wa Somalia, kununua mbuzi, simu yake ikazimika siku nyingi. Aliuliza kama naweza kuapa kwamba ni biashara tu. Niliapa kabla hajamaliza kuuliza. Mama alimwogopa Mungu. Mimi niliogopa sahani isiyo na mlaji.

Mwanangu alirudi na mbuzi. Anakula kwangu kila siku, namkalia karibu, namtazama akitafuna. Huko Diff alifanya nini kingine, sijamuuliza.