Samaki wa Mwalimu Mhando

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya uvuvi Korogwe, nilimkuta Afisa Uvuvi wa Wilaya ameinamia beseni. Ndani yake mlikuwa na perege watatu waliokufa, wameletwa na mfugaji wa Kwashemshi pamoja na chupa ya maji ya bwawa lake. Nilitaka aone kwamba chuoni sikwenda kulala. Nikachukua kisu.

"Weka chini," alisema bila kuinua macho. "Maji umeyapima?"

"Bado, Mzee."

"Basi kazi hujaanza."

Kwake nilijifunza kwamba ugonjwa huchagua: leo unaua mmoja, keshokutwa wawili, nao huacha alama kama madoa meupe, mapezi yaliyolika au tumbo lililovimba. Maji mabaya huua wakubwa kwa wadogo ndani ya saa chache. Nilijifunza pia kufunua matamvua, yale mapazia mekundu wanayopumulia yaliyofichwa chini ya mashavu, na kuyasoma kabla rangi haijapotea. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Baadaye nikahamishiwa Handeni, chini ya Afisa Mifugo na Uvuvi. Mabwawa yalikuwa ya kuhesabu, lakini watu waliniita Bibi Samaki, na nilipopita na pikipiki kwenda Kwedizinga walinipungia mkono.

Mjini alikuwepo mwalimu mstaafu, Mwalimu Mhando, mwenye tangi la kioo sebuleni. Samaki wake walikuwa jamaa za perege, lakini wadogo, wa manjano na buluu, wa Ziwa Tanganyika. Aliletewa na mwanawe wa pekee aliyekuwa akifanya kazi Kigoma, na tangu hapo kijana hakurudi tena nyumbani. Mzee alikaa mbele ya kioo kile kila asubuhi. Aliyewatunza ni Zaina, mke wa kijana huyo, binti kutoka kijiji cha Mpale.

Siku moja nilipita, nikaona maji yamechoka kwa chakula kilichooza chini. Nikamwambia Zaina, "Kila wiki punguza nusu, ujaze maji safi." Nikaondoka.

Wiki iliyofuata mtoto wa jirani yake Mwalimu alikuja ofisini anakimbia, akasema samaki wanakufa. Nilipoingia kwa Mwalimu nikasema, "Shikamoo, Mwalimu." Hakuitikia. Samaki walielea ubavu, na wachache waliobaki walihema juu ya maji. Zaina alisimama mlangoni na begi lililofungwa.

"Amewatilia sumu," Mwalimu akasema. "Amechoka kumsubiri mume. Leo anarudi kwao."

"Sijatia kitu, baba," Zaina alisema.

Nilipima amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza. Ilikuwa kidogo. Nikafunua matamvua ya mmoja. Yalikuwa yamepauka, yamejaa ute. Nikamuuliza Zaina alichofanya asubuhi ile, hatua kwa hatua.

"Nilitoa nusu kama ulivyosema, dada. Bahati nzuri bomba lilikuwa linatoka. Nikajaza ya bomba, yale safi."

Siku zote walikuwa wakitumia maji yaliyolala kwenye simtanki, lile tangi kubwa la plastiki la uani. Nikadondosha dawa ya kupimia kwenye maji yaliyobaki ndooni, yakageuka waridi palepale. Ilikuwa klorini, dawa ya kuulia vijidudu kwenye maji ya bomba. Haimdhuru mnywaji, lakini huunguza matamvua. Maji ya bomba hulazwa kwanza wazi, siku nzima au zaidi. Sikuwa nimemwambia. Nilisema "safi", nikaona inatosha.

Ningeweza kusema ni ajali tu. Nilitazama lile begi.

"Mwalimu, yaliyowaua ni maneno yangu. Zaina amefuata nilichomwagiza. Kosa ni langu."

Akakalia kiti chake. Mimi na Zaina tukawahamishia waliokuwa hai kwenye ndoo ya maji ya simtanki, tukiyachota na kuyamimina kwa kikombe ili yapate hewa. Walipona wawili. Tulipoinuka, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, Mwalimu alimwambia Zaina taratibu, "Mwanangu, fungua huo mzigo. Nisamehe."

Kwenye ripoti, mbele ya neno "chanzo", niliandika kwamba ni ushauri wangu. Mkuu wangu aliisoma mara mbili, akatia sahihi, akasema, "Kesho kuna bwawa Kwedizinga. Wahi."

Sasa nimestaafu, niko Korogwe na bustani yangu ya mchicha. Ninakumbuka harufu ya tope la bwawa, watu wakinisubiri na samaki waliofungwa kwenye jani la mgomba, wakiamini kwamba nitajua. Vijana wa siku hizi hupiga tu picha za samaki, wakazituma kwa simu.

Juzi afisa uvuvi wa sasa, binti mzuri mwenye heshima, alinipigia. "Shikamoo, mama. Perege wa mtu hapa wamekufa ghafla."

"Marahaba. Nakuja sasa hivi."

"Hapana, mama, usijisumbue. Nielekeze tu kwa simu."

Nikamwelekeza. Alishukuru sana, akakata. Nilikuwa nimeshavaa viatu.