Magauni ya Harusi Badala ya Kuku

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kununua blanketi. Ofisi yetu ya misaada iko Muthangari, Nairobi, na kila mapigano yalipozuka katika nchi jirani tunayoihudumia, nilishuka mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka, nikaagiza blanketi za kijivu, maturubai na sufuria za kupeleka huko na kwenye kambi za wakimbizi. Mzee huyo aliniita Mama Blanketi. Sikuwa mama wa mtu, wala mke wa mtu, lakini jina likakaa.

Kisha vita vikakoma na watu wakaanza kurudi kwao. Bosi wetu, mama mpole anayependa mikutano, akatuambia kwamba dharura imekwisha, sasa tunawasaidia watu wajijenge upya. Tangu siku hiyo tulikatazwa kusema "kugawa". Tuseme "kuwezesha". Dereva wetu alilipenda neno hilo mno, hata wakati wa chai akawa ananiambia, "Dada, niwezeshe sukari."

Nikaenda kumweleza mzee wa duka. Alinisikiliza huku akipangusa miwani.

"Kwa hivyo watu yako hawasikii baridi tena," akasema.

"Wanasikia, mzee. Lakini sasa tunataka wajinunulie wenyewe."

"Hiyo ni maendeleo," akasema, akiangalia blanketi zake zilizofika dari. "Maendeleo yao. Yangu mimi bado sijaiona."

Bosi alikuwa ameshaamua kwamba akina mama wa huko watafuga kuku. Lakini utaratibu mpya ulitaka waulizwe kwanza, basi kikundi chao kikamtuma mwenyekiti wao Nairobi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyeishi miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi hapa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu cha mtaani Uthiru. Alimsikiliza bosi akieleza habari za kuku mpaka mwisho.

"Asante," akasema. "Kuku tunao. Sisi tunataka magauni ya harusi."

Akatueleza kwamba wakati wa vita hakuna aliyefanya harusi. Wengine walianza tu kuishi pamoja kambini, wengine walikuwa bado wanangojea. Sasa kila mtu alitaka harusi, na gauni la kukodi lilipatikana mji wa mbali sana. Kikundi kingekuwa na magauni yake, kingeyakodisha na kupata riziki.

"Kuku anataga, mama," bosi akasema kwa upole.

"Na kwenye harusi wanaliwa kuku," mgeni akajibu. Kisha akaongeza, polepole, "Mtu akishafanya harusi kwao, ndipo anaamini amerudi."

Bosi akalifuta neno "kuku" kwenye daftari lake. "Sawa," akasema.

Mimi sikujua lolote kuhusu magauni, kwa hivyo nilimpeleka mgeni kwa mzee wangu. Mlangoni akaigusa blanketi moja ya kijivu.

"Ni hizi tulizopewa kambini," akasema.

Sikuwahi kukutana na mtu aliyelalia blanketi zangu. Nikajiweka tayari kupokea shukrani.

"Zinawasha," akasema. Mimi na mzee tukatazamana. "Lakini zilitufaa sana. Watoto wangu wamekulia ndani yake."

Mzee akafunga duka, akatupeleka ghorofani kwa mpwa wake anayeuza magauni na viatu vya harusi. Mgeni alichagua moja, kisha akasema maharusi wa kwao si wembamba kama yeye. "Wako kama huyu," akasema, akinionyesha mimi.

Nikalivaa. Nilipotoka nyuma ya pazia mzee akasimama kwa heshima.

"Mama Blanketi," akasema, "na bwana harusi amekwama kwa jam barabarani?"

Mgeni alinizunguka akivuta mishono. "Sasa cheza," akaniamuru.

"Hapa dukani?"

"Kwetu bibi harusi anacheza mpaka jioni. Kama litachanika, lichanike hapa."

Nikacheza. Wateja waliokuwa wakichagua viatu walinipigia vigelegele, na kwenye kioo nilimwona mwanamke ambaye sikumjua, amependeza. Nilikaa mbele ya kile kioo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Magauni yalisafirishwa pamoja na mbegu na majembe, na bosi akayaandika kama "vifaa vya biashara". Picha zikaanza kuja kwenye simu yangu: bibi harusi mnene anacheka, bibi harusi anayeshonwa pindo akiwa amesimama, vumbi jekundu hadi magotini. Magauni hayakupumzika Jumamosi hata moja. Kwa mapato yake akina mama wakanunua hema na viti vya kukodisha, na mwaka huu walituandikia kwamba hawahitaji kitu kutoka kwetu. Wameniomba tu mimi niende, kuna harusi ya binti wa mwenyekiti. Nimeomba likizo. Bosi anasema lazima kwanza tuwe na mkutano.